Jumamosi Tuliyoshindana Kushindwa

Shemeji yangu analaza watu. Simaanishi kwa hotuba, ingawa kwenye sherehe ya mtoto wake wa kwanza aliwahi kulaza safu mbili za wageni kwa hotuba pia. Analaza watu kwa dawa, kwenye chumba cha upasuaji, na wakishalala hukaa upande wa kichwa akifuatilia pumzi zao mpaka daktari wa kisu amalize shughuli yake. Kazi hiyo ina jina refu la kitaalamu. Sisi tunaijua kama nusu kaputi, na yeye mwenyewe tunamwita Kaputi, tangu kabla hajamuoa mdogo wangu.

Ameifanya miaka ishirini na miwili, na ana mtindo wake. Wenzake humwambia mgonjwa ahesabu namba. Kaputi humwambia, "Hebu nielekeze njia ya kwenda kwako, siku moja nitakuja kukusalimia." Mgonjwa anaanza: unashuka kituoni, unaacha duka la dawa mkono wa kulia, unapita geti la bluu. Hakuna aliyewahi kufika nyumbani. Wengi hulala kwenye kona ya pili. Mimi ni mchora ramani wa viwanja katika ofisi ya ardhi, na niliwahi kumwambia kwamba akija kunilaza mimi nitamfikisha mpaka mlangoni, na vipimo juu. Akanijibu kwamba watu wa ofisi ya ardhi hawahitaji dawa, wamelala tayari.

Huyo ndiye shemeji niliyepewa. Nimegombana naye kwa miaka ishirini, na ugomvi wetu mkubwa umekuwa wa mezani, kwenye vita.

Vita vyenyewe ni vya ubao. Ni mchezo wa enzi za wafalme wa zamani, wale wa ngome za mawe na askari wa farasi waliovaa chuma kuanzia kichwani hadi kwenye vidole vya miguu. Kila mchezaji ana ngome yake, wakulima wake, ghala la ngano, jasusi mmoja, na mtambo wa kurusha mawe ambao sisi tumeupa jina la Mama Mkwe, kwa kuwa unakupiga kutoka mbali na hujui umekosea nini. Kila raundi unafudikiza kadi zako za amri, kisha wote mnafunua kwa pamoja, na hapo ndipo kelele zinapoanza. Baada ya kila raundi tatu inakuja Baridi. Baridi ikifika lazima ulishe jeshi lako kutoka ghalani, na askari usiyemlisha anakukimbia.

Tunacheza watu wanne, Jumamosi ya pili na ya nne ya kila mwezi, saa nane mchana, kwenye karakana ya Fundi. Fundi ni fundi makochi. Tulikua naye mtaa mmoja, na ndiye mwenye meza ndefu kuliko zote tunazozijua, meza ya kukatia vitambaa. Tunasogeza mikasi na makopo ya gundi, tunatandaza ufalme, na kila mtu anajitafutia pa kukaa kati ya makochi yaliyofumuliwa. Anayewahi anapata kiti chenye sponji. Anayechelewa anakalia springi, na ukishakalia springi kwa saa tatu hutachelewa tena.

Wa nne ni Mwalimu. Amestaafu, lakini alifundisha hesabu nusu ya watu wa mji huu na nusu nyingine aliwafelisha. Katika maisha yake hajawahi kumpa mtu nusu alama. Mchezo ni wake. Alitumiwa na binti yake anayeishi mbali, pamoja na kijitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Tukajifunza kwa picha, na picha zilipoishia tukatunga sheria wenyewe. Miaka minne baadaye binti akatafuta mtu wa kutafsiri kijitabu kile, tukagundua kwamba tulikuwa tunakosea karibu kila kitu. Yule tuliyemwita askofu kumbe ni mfanyabiashara wa chumvi. Tulijadiliana kwa dakika kumi hivi, tukapiga kura, na kijitabu kikashindwa. Askofu amebaki askofu mpaka leo.

Mwalimu pia ndiye karani wetu. Kila raundi anaandika nani ameweka nini wapi, kwa mwandiko wa ubaoni, kwenye kile tunachokiita Daftari la Vita. Tumefika daftari la saba. Ukitaka kujua nilivyosalitiwa na Kaputi miaka sita iliyopita, iko raundi na iko amri, kila kitu kimeandikwa. Maana Kaputi ni mtu wa mikataba. Anakuja na sauti yake ile ya kulazia watu, anakwambia, "Shemeji, mimi na wewe ni ndugu, tuwamalize hawa wageni," unamfungulia mpaka wako, na Baridi ikipita unamkuta amekaa kwenye ghala lako anakula ngano.

Basi. Mwanzoni mwa mwaka, asubuhi moja, Kaputi alikuwa ananyoa ndevu, wembe ukamtoka mkononi. Akataka kumwita mkewe, likatoka neno jingine. Mdogo wangu anasema alimwita "kabati." Kwa bahati yule mwanamke hana mchezo: hakumsubiri alale kidogo, hakumpa maji, alimburuta mpaka kwenye gari la jirani. Kilikuwa kiharusi, na walikidaka mapema. Baada ya wiki mbili alikuwa anatembea. Baada ya miezi miwili mkono ulikuwa umerudi na maneno yamerudi, hata yale ambayo tungependa yasirudi.

Mwezi wa tano madaktari walimpima kila kitu kinachopimika, wakampa barua kwamba anaweza kurudi kazini, kwa kuanzia akiwa na mwenzake pembeni. Aliipokea, akashukuru, akaiweka kwenye droo. Wiki ikapita. Ikapita ya pili. Mdogo wangu akanipigia simu ananong'ona akiwa bafuni.

"Dada, anakaa tu. Anasoma vile vitabu vyake vya dawa, anavifunga, anajiuliza maswali, anavifungua tena kuangalia kama amepata. Anapata yote. Halafu ananiambia, 'Kupata kwenye kitabu siyo kupata.' Anaogopa, dada. Anasema akikosea yeye hakuna wa kuja kulalamika."

Nilielewa. Mimi nikikosea mstari, majirani wawili watapelekana mahakamani na baada ya miaka kumi watakuwa bado hai, wamenuniana. Yeye akikosea, mtu haamki. Na Kaputi alikuwa hakiamini kichwa chake.

"Ila leo kaamka na jambo," mdogo wangu akaendelea. "Anasema Jumamosi anakuja kucheza. Tafadhali dada, msimkatishe tamaa."

Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyoniponza. Nikaamua peke yangu, bila kumshirikisha mtu, kwamba Jumamosi ile nitashindwa. Nitashindwa kwa ustadi, taratibu, kuanzia raundi ya tatu, ili asishtuke.

Ambacho sikujua ni kwamba Fundi naye, akiwa anagonga misumari yake, alikuwa ameamua hivyohivyo. Na Mwalimu, mtu wa kutotoa nusu alama, alikuwa ameamua kutoa mtihani mzima.

Kaputi alifika saa nane kasoro dakika tano. Alikuwa amepungua, shati linamcheza mabegani. Fundi akamwachia kiti bora kuliko vyote, kiti cha mteja, kipya, bado kina nailoni. Kaputi akakiangalia, akasema, "Mnanizika au mnanikaribisha?" Tukacheka kupita kiasi.

Raundi mbili za kwanza zilikwenda kama kawaida. Raundi ya tatu Baridi ikaja, na Mwalimu akajipiga kwenye paji la uso. "Loo! Nimesahau kuweka ngano." Mwalimu! Mtu ambaye huhesabu ngano zake mara tatu na zetu mara mbili! Nusu ya jeshi lake ikamkimbia, naye akaandika kifo chake mwenyewe kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Nikamtazama kwa jicho la pembeni, nikadhani uzee.

Raundi ya nne Fundi akachukua jeshi lake lote, farasi, wapiga mishale na Mama Mkwe wake, akaenda kuizingira nyumba ya watawa. Ndani ya nyumba ile kuna kipande cha mbao cha mtawa mmoja na kipande cha mbao cha mbuzi. Hapo nikaelewa. Mwanaharamu huyu anashindwa! Anashindwa kabla yangu! Na mimi nilikuwa nimekwishafudikiza amri ya kupeleka kikosi changu kidogo kikapotee upande wa kaskazini, mbali na mpaka wa Kaputi. Kumbe kaskazini ndiko liliko lango la Fundi, na lango lilikuwa wazi, halina hata mlinzi. Kikosi changu cha kupotea kikaingia ndani, kikateka ngome.

Nilikuwa na ngome mbili. Kwa sheria zetu, mwenye ngome mbili akimaliza raundi tatu nyingine nazo, mchezo umekwisha, ameshinda. Fundi alinitazama utadhani nimemwibia. Mimi nilimtazama kama mtu aliyenisukuma kwenye kisima. Mwalimu alikohoa kikohozi kile cha darasani.

"Hongera, shemeji," Kaputi akasema polepole.

Kuanzia hapo nilifanya kazi kuliko siku yoyote niliyowahi kushinda. Niliondoa walinzi, nikampeleka askofu akabariki wakulima wa jirani, nikampandisha Mama Mkwe wangu mlimani ambako hapigi kitu ila ukungu. Mwalimu, kwa kuogopa nisije nikashinda kwa bahati mbaya, alijaribu kunivamia ili aniangushe, akakumbuka kwamba akiniangusha yeye ndiye atakayeongoza, akarudi nyuma katikati ya njia. Jasho lilitutoka. Watu watatu wazima tulikuwa tunagombania nafasi ya mwisho, na kila mmoja amekunja uso kana kwamba anafikiria.

Raundi ya saba Kaputi alichukua kila kitu. Tulipiga makofi. Fundi alipiga na meza.

Kwa kawaida mtu huyu akishinda hakuna amani. Hunipigia simu ofisini wiki mbili mfululizo kuniuliza ngome yangu ina hali gani. Safari hii hakutamba. Alikaa kwenye nailoni yake, akapanga vipande kwenye boksi kimoja kimoja, kisha akamwambia Mwalimu, "Niazime daftari. Nataka nikausome vizuri huu ushindi."

Alipoondoka tulitazamana. Kisha Fundi akasema, "Na wewe pia?" Mwalimu akasema, "Na wewe pia?" Tukacheka mpaka Fundi akaketi chini kwenye pamba. Nilirudi nyumbani najiona mtu mwema sana, na ningepaswa kujua kwamba nikijiona hivyo kuna kitu kimeharibika.

Jumatatu asubuhi niko kwenye meza ya kuchorea, nimeshika kalamu, simu ikaita. Mdogo wangu alikuwa analia, lakini kilio cha furaha.

"Dada, Mungu awabariki! Jumatano anakwenda hospitalini kupeleka barua!"

"Ile ya kurudi?"

"Sasa barua gani nyingine? Sikukwambia, aliniomba nisiseme. Alikula kiapo kabla ya Jumamosi. Alisema, 'Wale watatu nawajua, nikicheza nao nitajua kama kichwa kipo au hakipo. Kikiwepo narudi kulaza watu. Kisipokuwepo naomba wanipeleke stoo nihesabu glavu mpaka nistaafu.' Na amewashinda, dada! Jana kutwa nzima amekumbatia lile daftari."

Kalamu yangu ilikuwa imetembea yenyewe. Mpaka wa kiwanja namba kumi na nne ulikuwa umeingia sebuleni kwa kiwanja namba kumi na tano.

"Dada? Unanisikia?"

Nilimwambia. Ningeweza kumeza, lakini nilimwambia yote, watawa, mbuzi, ngano, lango.

"Nilisema msimkatishe tamaa," akasema, na sauti ilikuwa ya mama yetu kabisa. "Sikusema mmdanganye! Mmempima kwa mizani mliyoiwekea vidole. Sasa nani anajua kichwa chake kikoje? Wewe unajua?"

Sikujua. Hilo ndilo lililonipiga. Nilikuwa nimekaa mbele yake saa tatu, na sikuwa nimemtazama hata mara moja, nilivyokuwa nimeshughulika na wema wangu. Ningeulizwa kama alicheza vizuri, ningesema nini? Mbele ya watu wanaoanguka wenyewe, hata yule mbuzi wa mbao angeshinda.

Jioni ile tulikutana karakana, nikawaeleza habari ya kiapo. Fundi alikuwa na misumari mdomoni, akaitema yote.

"Madaktari wamempitisha," Mwalimu akasema. "Barua ya hospitali haisemi kwamba ashinde ngome. Tukienda kumwambia, tutamvunja moyo bure, aishie stoo. Na huenda kichwa chake ni kizima."

"Na kama si kizima?" nikasema. "Madaktari walimpitisha, mwenyewe hakujiamini. Amekuja kujipima kwetu. Sisi ndio tumetia sahihi, Mwalimu. Wewe ungemtilia sahihi mwanafunzi ambaye hujasoma karatasi yake?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Sijawahi," akasema. "Nimeanza uzeeni."

"Basi aambiwe," Fundi akasema. "Ila mimi siwezi. Nitalia."

Wote wawili wakanigeukia. Nilijua tu. Ukiwa shemeji, kila kibaya cha kusemwa ni chako.

Jumanne nilitoka ofisini saa kumi, nikapita njia ndefu. Mdogo wangu alinifungulia mlango bila salamu, akanielekeza kwa kidevu, akajifungia jikoni. Kaputi alikuwa kwenye meza ya kulia chakula, ile yenye mguu mmoja mfupi, inayoyumba ukiiwekea tu kiwiko. Mbele yake kulikuwa na daftari, penseli nyekundu na kifutio. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala.

"Shemeji," nikasema, "nina jambo, na nikishalisema usinirushie kitu."

"Inategemea jambo."

"Jumamosi hukushinda. Tulikuachia. Mimi nilikuachia, Fundi alikuachia, Mwalimu alikuachia. Hatukupanga, kila mmoja aliamua kivyake. Tulidhani tunakusaidia. Nimesikia habari ya kiapo, na siwezi kukuacha uende kesho ukidhani sisi tumekupima, kwa sababu hatukukupima. Nisamehe. Tusamehe wote."

Nilisema yote kwa pumzi moja, nimeinamia meza. Nilipoinua macho, Kaputi alikuwa amefumba yake. Pumzi ilimtoka ndefu, mabega yakashuka, kichwa kikaegemea nyuma kwenye kiti. Nilisimama kumwita mdogo wangu, nikajua nimemuua.

Akanishika kifundo cha mkono, bila kufumbua macho. "Kaa chini. Siyo kiharusi, ni furaha. Sema tena."

"Niseme nini?"

"Kwamba mliniachia."

"Tulikuachia."

"Kwa hiyo sikuota," akasema. Akafumbua macho, akajipangusa kwa kiganja. "Raundi ya tatu, Mwalimu aliposahau ngano, nikahisi kitu. Raundi ya nne nikawaona wote watatu. Hapo ndipo nikaogopa kweli."

"Sasa uliogopa nini, kama uliona?"

"Shemeji, fikiria. Mtu kapata kiharusi. Kakaa na rafiki zake, ghafla anaona wote wanamchezea njama, kila mmoja anajifanya. Wewe ungesema nini? Wananifanyia njama, au ndiyo kichwa kimeharibika sasa rasmi?" Aligonga daftari kwa kidole. "Ndiyo maana nikaliazima. Jumapili yote nimepitia hatua kwa hatua. Kila niliyoitilia shaka nimeizungushia duara. Lakini daftari halisemi makusudi. Na ninyi nanyi hamwaminiki, kuna siku mnacheza vibaya bila kuombwa."

"Lakini umemwambia mkeo kesho unapeleka barua."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanisogezea. Ilikuwa na mwandiko wake. Nilisoma mstari wa kwanza tu: anaomba kwa heshima ahamishiwe stoo.

"Barua ninazo mbili. Nilijipa siku tatu. Nikasema, kama kweli walifanya, mmoja wao atashindwa kukaa nalo, atakuja. Asipokuja mtu, basi niliota, na anayeota macho wazi hawezi kukaa kichwani pa mgonjwa. Maana kazi yangu ndiyo hiyo, shemeji. Aliyelala hawezi kuniambia hali yake. Mimi ndiye natakiwa nione." Akanitazama. "Leo tangu asubuhi nasikiliza mlango."

Nilikuwa nimepita njia ndefu. Nilikuwa nimesimama kwenye duka la vifungo nikiangalia vifungo nisivyovihitaji, na mtu amekaa hapa anasikiliza mlango.

"Ulijua nitakuja mimi?"

"Nilidhani Fundi."

Ningempiga na daftari. Badala yake nililivuta karibu. Maduara mekundu yalikuwa yamepangwa raundi kwa raundi: watawa wa Fundi, ngano ya Mwalimu na kule kurudi kwake nyuma, askofu wangu, Mama Mkwe wangu mlimani.

"Za wenzako nitawauliza wenyewe," akasema. "Zako zilikuwa ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Nne."

"Nimekuzungushia tano."

Akanionyesha. Ya tano ilikuwa raundi ya pili, kabla hata sijaanza kushindwa. Niliwatoa askari wa farasi darajani nikawapeleka kulinda ghala. Wallahi ile niliicheza kwa akili zangu zote. Nilikuwa hata nimejisifu kimoyomoyo.

Nilifanya hesabu haraka. Nikisema kweli, basi aliona uongo mahali usipokuwepo, na ile hofu yake itarudi mezani sasa hivi, yote. Nikiongeza moja tu, daftari lake linakuwa safi. Mtu angesema nimejifunza. Sikuwa nimejifunza kitu.

"Aa, hiyo!" nikasema, macho makavu. "Hiyo nayo. Nilisahau. Basi ni tano."

Kaputi hakuangalia daftari. Aliniangalia mimi. Aliniangalia usoni, akashuka shingoni, pale mshipa unapodunda, akatulia hapo kwa muda wa pumzi mbili au tatu, nami nikahisi damu inanipanda masikioni. Kisha akachukua kifutio, akafuta duara la tano taratibu, akapuliza vumbi.

"Hapana," akasema. "Huu ni ujinga wako wa kila siku."

Nilifunika uso kwa mikono miwili. Sijui kama nilikuwa nacheka au nalia, nadhani nilikuwa nafanya yote pamoja. Nilimsikia akisogeza kiti, akainama chini ya meza na ile barua ya stoo, akaikunja mara ya tano, na meza ikaacha kuyumba.

Mdogo wangu alitoka jikoni mbio, kijiko mkononi, akaniona nilivyo. "Nini? Amekasirika? Amesemaje?"

"Ameniita mjinga," nikasema.

Akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akaketi palepale sakafuni na kijiko chake. "Hebu rudia, dada," akasema. "Rudia nisikie vizuri."